Kulinda Pumzi ya Mgonjwa Aliyelazwa Nusukaputi

Mji wa Kibwezi umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, chini ya vilima vya Chyulu, katika nchi ya mibuyu, mikonge na mizinga ya nyuki. Reli ya zamani yapita hapo, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo imepata stesheni yake. Malori hupita usiku na mchana, na ajali si jambo geni. Kwa hiyo hospitali za upande huu, kama ile ya Kibwezi na ile ya Makindu, hupokea watu wa kila namna: dereva aliyevunjika taya, mkulima mwenye ngiri, mama aliyeshindwa kujifungua, na mtoto aliyeungua kwa maji ya moto.

Ukimwuliza mgonjwa anayengoja kupasuliwa anaogopa nini, aghalabu atajibu kwamba anaogopa kisu. Wengine husema wanaogopa kulala wasiamke. Hawa wa pili wamekaribia zaidi ukweli. Damu ikitoka, daktari huiona na kuifunga. Lakini pumzi ikizibika ndani ya koo la mtu aliyelala, hakuna kelele, wala mgonjwa hawezi kuinua mkono kuomba msaada. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano tu huanza kuharibika, na ubongo ulioharibika haushonwi kama ngozi. Kwa sababu hiyo yafaa kila msomaji ajue kazi ya yule mtu asimamaye kichwani pa mgonjwa, ambaye mara nyingi hatajwi wakati watu wanapotoa shukrani.

USINGIZI USIO KAMA USINGIZI

Wazee wa pwani waliita dawa hii nusukaputi, yaani kufa nusu, na jina hilo lina maana yake. Mtu aliyelala kitandani kwake akizibwa pua hushtuka na kugeuka. Aliyelazwa kwa dawa hashtuki. Misuli ya koo hulegea, ulimi huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa kama jiwe lililoanguka mdomoni pa kisima. Tena katika upasuaji mwingi hutiwa dawa nyingine ya kulegeza misuli ya mwili mzima, ili daktari apate kufanya kazi tumboni bila taabu. Dawa hiyo ikiingia, mgonjwa hapumui hata kidogo mwenyewe. Tangu hapo maisha yake yamo mikononi mwa mwingine.

Kazi ya mwenye nusukaputi ni kuifungua njia ile na kuilinda. Mara nyingi hutumia chombo chenye mpini, ubao wa chuma uliopinda na taa ndogo, huinua ulimi, akaona kongomeo, kisha hupitisha mpira mwembamba mpaka ndani ya bomba la pumzi. Katika watu wengi kazi hiyo ni ya nusu dakika. Lakini kuna watu ambao kongomeo lao halionekani, au mdomo wao haufunguki, au shingo yao haipindi. Hao ndio wenye njia ngumu ya pumzi.

TANGU BOSTON HATA UKAMBANI

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, wala haikupatikana bila msiba. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa bila kulia. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Watu walifurahi mno. Lakini mwezi wa Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15 jina lake Hannah Greener alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu, akafa papo hapo. Ukucha tu! Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba upasuaji waweza kuwa mdogo, lakini usingizi wenyewe hauwi mdogo kamwe.

Mwaka 1878 William Macewen wa Glasgow alimpokea mgonjwa mwenye uvimbe katika shina la ulimi. Badala ya kumtoboa shingo, kama ilivyokuwa desturi, alipitisha mpira mdomoni mpaka kwenye bomba la pumzi, na kwa mpira huo mgonjwa akapewa klorofomu. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari wengi wa Uingereza walirudi nyuso zao zimevunjwa na risasi na vipande vya mabomu. Barakoa ya dawa haikuweza kukaa juu ya uso usio na pua wala taya. Katika hospitali ya Sidcup, Ivan Magill na Stanley Rowbotham walitengeneza mipira ya kupitishwa puani na mdomoni, ili daktari Harold Gillies apate nafasi ya kuzitengeneza nyuso zile. Ubao uliopinda, ambao hata leo waonekana katika vyumba vingi vya upasuaji, ulitolewa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943.

Habari hii yaungana na nchi yetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Ndugu mdogo wa ukoo wa Gillies na mwanafunzi wake katika kazi alikuwa Archibald McIndoe, aliyewatengeneza marubani walioungua katika vita ya pili. Michael Wood, daktari wa upasuaji wa Nairobi, alijifunza kwa McIndoe, na mwaka 1957 watu hawa wawili pamoja na Tom Rees wa Marekani walianzisha shirika la madaktari warukao kwa ndege, ambalo leo laitwa Amref. Katika miaka ya 1980 shirika hilo lilikuwa na kazi kubwa hapo Kibwezi, likiwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Hivyo elimu iliyoanza kwa nyuso za askari ikafika, kwa mikono mingi, mpaka kwenye mibuyu ya Ukambani.

Wala nchi hii si ngeni kwa mambo ya uganga. Misheni ya Waskoti ilijenga Kibwezi mwaka 1891, lakini homa iliwasumbua sana, na mwaka 1898 wakahamia Thogoto katika Ukikuyu. Hapo kale mtu wa Kibwezi aliyehitaji kupasuliwa hakuwa na pa kwenda. Siku hizi anapo, na kwa hiyo swali limegeuka. Swali la sasa ni hili: je, akilazwa, ataamka salama?

MAMA MZEE NA TABIBU KIJANA

Mfano ufuatao si habari ya mtu fulani. Ni mambo ya kawaida yaliyounganishwa pamoja ili msomaji aone jinsi kazi inavyoendeshwa.

Mama mzee ameletwa na wanawe kwa pikipiki, kisha kwa matatu. Ana ngiri iliyobana tangu usiku, tumbo limeanza kuvimba, na daktari amesema hapana budi apasuliwe leo. Tabibu wa nusukaputi ni kijana. Hakwenda moja kwa moja kwenye dawa. Amevuta kiti, akaketi ili asimsemeshe mzee akiwa amesimama juu yake.

"Mwaitu, habari ya maumivu?"

"Yapo, mwanangu. Nyinyi fanyeni upesi."

"Tutafanya upesi, lakini kwanza nikuulize. Tangu jana jioni umekula nini?"

Mama akatazama upande wa mkaza mwanawe. "Sijala kitu."

Kijana hakubishana. Akasema kwa upole, "Mwaitu, sikuulizi ili nikukemee. Chakula kikiwa tumboni, nawe umelala kwa dawa, hupanda kooni na kuingia katika mapafu. Nikijua, nitakukinga. Nisipojua, nitakuwa kama mtu apitaye usiku penye shimo bila taa."

Ndipo mkaza mwana akasema kwamba asubuhi walimpa uji bakuli moja, kwa kuwa waliogopa asiwe na nguvu ya kustahimili kisu.

Jambo hili hutokea mara nyingi, nalo hutoka katika mapenzi. Lakini ni hatari. Kwa upasuaji uliopangwa, kanuni ni kutokula chakula kwa saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu yaweza kunywewa mpaka saa 2 kabla yake. Tena mtu mwenye ngiri iliyobana, au mama mwenye uchungu wa kuzaa, tumbo lake halishuki upesi. Hata akifunga saa nyingi huhesabiwa kuwa ameshiba. Mwenye kuficha bakuli la uji hamdanganyi tabibu, bali aidanganya pumzi ya mgonjwa wake.

Kisha kijana akamwomba mama afungue mdomo. Hapa msomaji asidhani kwamba anatazama meno kwa udadisi. Anapima. Je, vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vyaweza kuingia kati ya meno ya juu na ya chini? Je, mgonjwa akitoa ulimi, kile kimio kinachoning'inia nyuma kinaonekana, au ulimi umekiziba? Kipimo hiki cha ulimi kiliandikwa mwaka 1985 na Seshagiri Mallampati, daktari mzaliwa wa India aliyefanya kazi Boston. Je, kutoka ncha ya kidevu mpaka kwenye kongomeo pana nafasi ya vidole vitatu? Je, shingo yainama na kuinuka? Kuna jino linalotikisika, au meno ya bandia? Je, mgonjwa hukoroma sana na kukatikiwa na pumzi usiku? Je, alipata kulazwa siku nyingine, na madaktari wakapata taabu?

Hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake. Watu wengine huonekana rahisi, kumbe ni wagumu. Lakini vipimo vyote pamoja havichukui dakika tatu, wala havigharimu senti.

Kwa mama huyu kijana aliona jambo. Chini ya kidevu lilikuwapo kovu kubwa la moto, kwa maana alianguka mekoni alipokuwa mtoto. Ngozi ilikuwa imevuta kidevu karibu na kifua, na shingo haikuinuka. Mambo kama haya yapatikana vijijini: makovu ya moto, uvimbe wa tezi la shingo, jipu lililotokana na jino bovu likavimbisha sakafu ya mdomo, na taya zilizovunjika barabarani. Kila moja laweza kuifanya njia ya pumzi kuwa ngumu.

MIPANGO MINNE KABLA YA DAWA

Mtu asafiriye kutoka Kibwezi kwenda Kitui haendi bila kuuliza kama mto umejaa, na kama umejaa atapita wapi. Vivyo hivyo mwenye nusukaputi haanzi na mpango mmoja. Maagizo ya chama cha madaktari wa Uingereza wanaoshughulika na njia ngumu za pumzi, yaliyotolewa mwaka 2015, yalieleza mipango minne ifuatanayo, nayo yamefundishwa katika nchi nyingi.

Mpango wa kwanza ni kupitisha mpira mdomoni. Kabla yake mgonjwa huinuliwa kichwa na mabega kidogo, akavuta oksijeni safi kwa barakoa kwa muda wa dakika tatu hivi. Oksijeni hii ni akiba, kama nafaka ya ghala. Mtu mzima mwenye afya aliyejazwa akiba hiyo aweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla damu yake haijapungukiwa. Asiyejazwa hupungukiwa katika dakika moja au mbili tu. Mama mjamzito, mtoto mdogo na mtu mnene huimaliza akiba yao upesi zaidi. Na mpira ukishaingia, lazima ithibitishwe kwamba umeingia katika bomba la pumzi wala si katika umio. Njia ya hakika ni chombo cha kupima hewa ya kaboni dioksidi itokayo katika mapafu. Chombo kisipoonyesha hewa hiyo, mpira uhesabiwe kuwa umepotea njia, hata kama aliyeupitisha aapa kwamba aliona kongomeo kwa macho yake.

Majaribio nayo yana mpaka. Yasizidi matatu, na la nne lifanywe tu na mtu mwenye ujuzi zaidi. Sababu yake ni hii: kila jaribio huchubua koo, koo huvimba na kutoa damu, na mlango uliokuwa mwembamba huzidi kuwa mwembamba. Aliyeshindwa mara tatu kwa njia ile ile hatashinda mara ya saba kwa sababu ya ukaidi.

Mpango wa pili ni barakoa ndogo ya kooni, ambayo hukaa juu ya kongomeo bila kuingia ndani. Ilibuniwa mwaka 1981 na Archie Brain, daktari Mwingereza, nayo imeokoa watu wengi ambao mpira ulishindikana kwao. Ikikaa vizuri, wakuu wa kazi husimama na kufikiri: je, tumwamshe mgonjwa, au tuendelee?

Mpango wa tatu ni kurudi kwenye barakoa ya uso, watu wawili wakishirikiana, mmoja akishika taya kwa mikono miwili na mwingine akikamua mfuko wa hewa. Ikiwa pumzi yapita, mgonjwa aamshwe. Kumwamsha mtu bila kumpasua si aibu. Ni akili.

Mpango wa nne ni wa saa ya hatari kabisa, wakati mpira umeshindikana, barakoa zote mbili zimeshindikana, na rangi ya mgonjwa yageuka. Hapo hapana budi shingo ikatwe mbele, chini kidogo ya kongomeo, penye ngozi nyembamba kati ya gegedu mbili, na mpira mdogo upitishwe hapo. Vyombo vyake ni vitatu tu: kisu, fimbo laini ya kuongoza, na mpira wa milimita 6. Kinachokosekana mara nyingi si vyombo, bali ni moyo wa kusema, "Sasa."

MSIBA WA MWAKA 2005

Ili msomaji aone kwamba hatari hii haiko katika nchi maskini peke yake, yafaa aisikie habari ya Elaine Bromiley. Alikuwa mama wa watoto wawili, umri wake miaka 37, huko Uingereza. Mwezi wa Machi 2005 aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya kulazwa, barakoa ya kooni haikukaa. Madaktari wenye ujuzi wa miaka mingi walikuwamo chumbani, na vyombo vyote vilikuwapo. Walijaribu kupitisha mpira, wakashindwa, wakajaribu tena, na tena. Oksijeni katika damu yake ilishuka sana na kukaa chini kwa zaidi ya dakika 20. Muuguzi mmoja alileta vyombo vya kutoboa shingo, akasema kwamba viko tayari. Mwingine alikwenda kuomba kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hawakusikilizwa, nao hawakujua waseme kwa namna gani hata wasikilizwe. Mama yule hakupata fahamu tena, akafa siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Katika kazi yake ajali ikitokea huchunguzwa ili wengine wasife kwa kosa lile lile. Hakutafuta kisasi. Aliomba uchunguzi ufanywe, na mwaka 2007 akaanzisha jamii ya watu wanaoeneza elimu ya jinsi wanadamu wanavyokosea wakiwa katika haraka. Alionyesha kwamba madaktari wale hawakuwa wajinga wala wazembe. Walikuwa wamefungwa na kazi moja mpaka hawakuona dakika zikipita, na wale waliokuwa wakiona, walikuwa wadogo kwa cheo.

Hapa pana jambo la kufikiriwa na sisi sote. Katika desturi zetu mdogo hamkatizi mkubwa maneno, na heshima hiyo ni njema. Lakini katika chumba cha upasuaji heshima kubwa kuliko zote ni ile anayopewa mgonjwa. Muuguzi aliyeajiriwa jana, akiona kwamba oksijeni imeshuka, ana haki na wajibu wa kusema kwa sauti iliyo wazi: "Bwana Daktari, majaribio matatu yamekwisha. Tuingie mpango unaofuata." Na mkubwa mwenye hekima atamshukuru.

Ili kulifanya jambo hili kuwa desturi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 karatasi ya maswali ya kusomwa kwa sauti kabla ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane za ulimwengu, na moja ilikuwa ya jirani zetu, huko Ifakara katika Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka watu 15 katika kila 1,000 mpaka 8. Mojawapo ya maswali ya karatasi ile ni hili: Je, mgonjwa huyu ana njia ngumu ya pumzi, na kama anayo, vyombo na msaidizi wapo? Swali dogo, lakini laulizwa kabla ya dawa, wakati jibu lingali na faida.

KUCHAGUA KUTOKULAZA

Turudi kwa mama yule. Kijana alikuwa na mambo mawili mbele yake: tumbo lililojaa, na shingo isiyoinuka. Kumlaza kabisa ni kumvusha mto wenye mamba wawili. Akaenda kwa daktari wa upasuaji, akasema aliyoyaona. Wakashauriana kama aweza kupelekwa mbele, Wote au Nairobi. Lakini utumbo uliobanwa hauna subira, na njia ni ndefu. Wakakubaliana kumpa sindano ya uti wa mgongo, ambayo hufisha ganzi kutoka tumboni kwenda chini, mgonjwa akiwa macho na akipumua mwenyewe. Akina mama wengi wapasuliwao ili kujifungua hutumia sindano hii hii, na sababu kubwa ni kuilinda pumzi.

Lakini hakuweka vyombo vingine kabatini. Sindano yaweza kushindwa, au ganzi yaweza kupanda juu mno. Kwa hiyo alipanga mezani mpira wa namna mbili, fimbo ya kuongoza, barakoa ya kooni, mashine ya kuvuta matapishi ikinguruma, na kisu. Akapapasa shingo ya mama na kutia alama ya wino mahali pa kukata, ikiwa ingelazimu. Akamwambia muuguzi kila mpango kwa mpango, na kumwuliza kama ameelewa. Chombo kidogo cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni katika damu kwa sauti na tarakimu, kikawa kikilia taratibu muda wote. Chombo hiki kilitokana na kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2011 shirika la Lifebox limekuwa likivipeleka katika hospitali za nchi zisizo na fedha nyingi.

Mama alizungumza na muuguzi habari za mbuzi wake mpaka kazi ikaisha. Kisu hakikutumika shingoni, wala mpira haukufunguliwa kutoka katika karatasi yake. Mtu asiyejua angesema kijana hakufanya kitu. Kumbe alifanya kazi yote kabla ya kuanza.

Ikiwa sindano ya uti haifai, ziko njia nyingine. Dawa ya ketamini, iliyopatikana mwaka 1962, humwondolea mtu maumivu, naye aghalabu huendelea kupumua mwenyewe. Ndiyo maana yapendwa sana katika hospitali za mbali. Lakini isidhaniwe kwamba haina hatari: mate huongezeka, na koo laweza kukaza ghafula. Na kwa baadhi ya wagonjwa, hospitalini penye ujuzi, koo hufishwa ganzi na mpira hupitishwa mgonjwa akiwa macho, kwa chombo chembamba chenye kamera.

WATENDAJI WA KAZI HII

Wenye shahada ya udaktari wa nusukaputi ni wachache katika Kenya, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Katika hospitali za kaunti ndogo kazi hii imebebwa na matabibu na wauguzi waliosomea nusukaputi. Hao huitwa usiku wa manane, mara nyingi bila mwenzao wa kushauriana naye karibu. Haifai kuwatazama kama wasaidizi tu. Kijana wa kidato cha nne apendaye sayansi, mwenye mkono mtulivu na asiyeona haya kusema "nimeshindwa, niitieni mwingine," angefanya vema kuifikiria kazi hii.

WAJIBU WA MGONJWA NA JAMAA ZAKE

Msomaji hawezi kushika mpira wala kisu, lakini anayo sehemu yake. Mgonjwa akiulizwa amekula saa ngapi, aseme kweli, na jamaa wasimpe uji kwa siri. Aseme kama ana jino linalotikisika, meno ya bandia, kikohozi, au kovu lililofichwa na kitambaa. Aseme kama hukoroma; asione haya, hata mke wake aweza kuitwa shahidi. Jipu la jino lisingojwe mpaka uso uvimbe na mdomo ushindwe kufunguka, maana lililokuwa kazi ya mng'oa meno litakuwa kazi ya hatari.

Tena, mtu aliyepata kuambiwa na daktari kwamba njia yake ya pumzi ni ngumu, aombe aandikiwe karatasi, aihifadhi pamoja na kitambulisho chake, na amwonyeshe kila daktari atakayemlaza. Karatasi hiyo ni sawa na alama iwekwayo penye daraja bovu: haiitengenezi daraja, lakini yule ajaye usiku atapunguza mwendo.

Na mgonjwa akitolewa chumbani, hatari haijaisha. Wengi hupata taabu wakati mpira unapotolewa na dawa ingali mwilini. Jamaa wasikasirike wakizuiwa kumwona mpaka awe ameamka vizuri, anajibu akiitwa jina lake, na kukohoa kwa nguvu zake mwenyewe. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na mama yule mzee, aliyerudi kwake kwa mbuzi wake, pengine hatajua kamwe jinsi neno hilo lilivyotimizwa kwa ajili yake siku ile.